Sura ya Tisa: Mara Mbili ni Mchezo

"Akitia mguu hapa yule mbwa, nitamvunja mguu wa pili," alisema Zhenbiao, akijifunga kiunoni mkanda mweusi wa kuigizia ujambazi.

"Wa kwanza ulimvunja lini?" Caiyue aliuliza. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, akijipaka rangi ya mdomo.

"Nilikuwa njiani kuuvunja. Akakimbia."

"Hakukimbia, Kaka. Ulimburuta kwa kola mpaka barabarani, ukapasua chupa za pombe ya posa alizomletea Baba, ukamfungia lango. Mtu akishatupwa nje na lango likafungwa, ulitaka abaki akufagilie uwanja?"

Zhenbiao alimgeukia taratibu. Alikuwa na shingo nene kama ya fahali, na kama fahali, alihitaji muda kidogo ili maneno yapande kutoka masikioni mpaka kichwani.

"Siku hizi una mdomo," alisema. "Vizuri. Siku ya nane ya mwezi huu utaupeleka kwa mchumba wako. Ana nyumba ya vyumba vitatu, utapata nafasi ya kutosha ya kuropoka, chumba hadi chumba."

Aliokota fimbo yake, akaizungusha mara moja. Fimbo ikapita karibu na sikio la dada yake, kiasi cha kupeperusha vishada vya taji lake la harusi. Kisha akatoka, akaupigiza mlango.

Kama unadhani huo ulikuwa ugomvi, subiri kwanza. Kwa kina Hou, hizo zilikuwa salamu za asubuhi.

Kina Hou walikuwa watu wa fimbo tangu babu wa babu. Zamani walipiganisha fimbo masokoni mjini Kaifeng, wakitupiwa sarafu kwenye sinia. Sasa walikuwa na jukwaa la kudumu katika Bustani ya Mierebi, penye maziwa ya kuchimbwa na madaraja ya mawe, na kila siku mabasi yalimwaga watalii kutoka pande zote za nchi kuja kuona mambo ya kale. Onyesho lao lilikuwa Harusi ya Mpira. Baba, Mzee Hou Tiesheng, alikuwa tajiri wa mji, mwenye ndevu za manyoya ya farasi. Caiyue alikuwa binti wa tajiri: alisimama ghorofani, akarusha mpira mwekundu wa hariri kwa wanaume waliojazana chini, na aliyeudaka ndiye bwana harusi. Walimvika joho jekundu, wakampandisha jukwaani, akainama na bibi harusi mara ya kwanza kwa Mbingu na Ardhi, mara ya pili kwa wazazi. Kabla ya mara ya tatu, ile ya bwana na bibi kuinamiana, upatu ulilia, majambazi wakaingia na fimbo zao, bwana harusi akaokolewa huku akitetemeka kwa raha, akapigwa picha, akarudi kwa mkewe.

Mara ya tatu haikufanywa kamwe. Mzee Hou alikuwa mkali juu ya hilo kuliko jambo lolote.

"Mara mbili ni mchezo," alikuwa akisema. "Ya tatu ni ndoa. Mbingu haijui kutofautisha jukwaa na sebule."

Wala mpira haukurushwa ovyo. Zhenbiao alisimama darajani nyuma ya umati, akamchagua mtu asiye na madhara, mzee mwenye kitambi na uso wa kucheka, akamnyooshea ncha ya fimbo kwa siri. Caiyue alirusha huko. Kwa miaka minne alikuwa ameolewa nusu na vitambi vya nchi nzima.

Siku hiyo ilikuwa ya sikukuu ya Oktoba, maua ya krizanthemu yamechanua kila kona, na watu walikuwa wengi hata ukidondosha ufunguo usingefika chini. Caiyue alifungua dirisha la ghorofani, mpira kifuani, akatabasamu lile tabasamu lake la kazi. Ndipo alipoisikia sauti.

"Kofia nyekundu! Kofia nyekundu mnisikilize! Mchana tunapanda milima ya Taihang, na kule hakuna choo, kuna mwamba na aibu yako tu. Anayetaka kwenda aende sasa!"

Caiyue aliijua sauti hiyo. Alimtafuta kwa macho, akamwona: kijana mwembamba mwenye kibendera cha njano mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, amezungukwa na wazee wa Tianjin wenye kofia nyekundu kama kuku mmoja katikati ya pilipili. Pei Jiahe. Jua la mapango ya Longmen lilikuwa limemchoma pua. Tangu masika, tangu siku ya zile chupa, hakuwa ameleta hata salamu.

Jiahe aliinua uso. Hakupunga, hakutabasamu. Alimtazama tu, kama mtu aliyetembea nchi nzima akionyesha watu vitu vya kutazama, mpaka sasa akafika kwenye kile alichotaka kukitazama yeye. Chini watu walipiga kelele, "Rusha! Rusha, bibi harusi!" na kule darajani fimbo ya Zhenbiao ilikuwa imeshanyooka kuelekea kipara mmoja mwenye miwani ya jua.

Caiyue alirusha upande mwingine.

Basi hapo wanaume wazima waligeuka mbwa wa sokoni. Viwiko viliingia mbavuni, mtu akakanyagwa, mwingine akatemewa tusi la mama yake. Bibi mmoja wa kofia nyekundu, Shangazi Tao, kondakta mstaafu wa mabasi ya Tianjin, aliruka na kuugusa mpira kwa ncha za vidole. Mpira ukamponyoka, ukamgonga Jiahe kifuani. Alitupa kipaza sauti, akaukumbatia kwa mikono miwili.

"Kaudaka mwongozaji wetu!" Shangazi Tao alipiga ukelele. "Haki ya nani, tumepata harusi bila kuongeza nauli!"

Jukwaani, Mzee Hou alibaki mdomo wazi nyuma ya ndevu. Lakini watu elfu walikuwa wakipiga makofi, na mzee aliyekulia jukwaani hajui kusimamisha onyesho. Jiahe alivishwa joho, akapandishwa.

Walisimama bega kwa bega mbele ya meza ya chetezo. Caiyue aliongea bila kufungua meno.

"Wewe una wazimu? Kaka yuko hapa."

"Nimemwona. Hajapungua."

"Kwa nini hukuleta hata neno?"

"Nililipeleka neno mara tatu kwa yule mama anayeuza tiketi langoni. Lilifika?"

Halikufika. Upatu ukalia, wakainama mara ya kwanza, kwa Mbingu na Ardhi.

"Siku ya nane nanyweshwa pombe ya uchumba," Caiyue alisema akiwa bado ameinama. "Na mpwa wa mwenye bustani. Ana nyumba ya vyumba vitatu."

"Mimi nina basi la viti hamsini."

"La kukodi."

"Eeh, la kukodi."

Kicheko kilimpanda Caiyue mpaka puani, akakibana hata machozi yakatoka.

"Jiahe, umekuja kunichukua au kunichekesha?"

"Nimekuja kukuuliza. Masika nilimwuliza baba yako, akanijibu kakako. Sasa nakuuliza wewe mwenyewe. Ukisema hapana, nawapandisha wazee wangu basi, naondoka, na hutaniona tena Kaifeng."

Waligeuka, wakainama mara ya pili, kwa mzazi. Mzee Hou alisogeza uso karibu, kana kwamba anatoa baraka.

"Kijana," alisema kwa upole wa kutisha, "chukua picha yako uondoke ukiwa bado na meno. Binti yangu hataishi kwenye kiti cha basi."

Upatu wa majambazi ukalia. Kule kando ya jukwaa Zhenbiao alikuwa ameshapanda ngazi, mishipa ya shingo imemsimama. Caiyue alimtazama kaka yake, akamtazama baba yake, kisha akageuka akasimama uso kwa uso na Jiahe.

"Inama," alisema.

"Caiyue..."

"Umeniuliza. Inama!"

Waliinama kwa haraka hata vichwa vikagongana, na taji likalia kama sinia la vikombe. Mzee Hou alipiga kelele "Hapana!" na kipaza sauti cha jukwaani kikaipeleka mpaka upande wa pili wa ziwa. Umati ukalipuka kwa makofi.

Fimbo ya Zhenbiao, ambayo kwa miaka yote ilijua kusimama unywele mmoja kabla ya ngozi, siku hiyo haikusimama. Ilimpata Jiahe mgongoni, akaanguka kifudifudi. Ya pili ikamchana paji la uso. Damu ikamfunika jicho.

"Aaah!" walishangilia watu, simu juu. "Tazama damu hiyo!"

"Nilikuja mwaka juzi hawakuwa na damu," mzee mmoja alimweleza mkewe kwa sauti ya mjuzi. "Wameboresha."

"Amka!" Zhenbiao alimpiga teke la mbavu. "Amka, mbwa! Hukunielewa masika? Leo nitakueleza vizuri!" Akampiga teke jingine. Jiahe alishika mguu wake, akaung'ata kwa nguvu za kukata tamaa. Zhenbiao akanguruma, akamkandika ngumi sikioni, na wale vijana watatu walioigiza majambazi naye wakasimama na fimbo zao hewani, wakitazamana, maana hii sehemu hawakufundishwa.

"Muache!" Caiyue alimrukia kaka yake mgongoni, akamvuta nywele. "Muache, unamuua!"

"Ndiyo kazi niliyoijia!"

Zhenbiao alimtikisa, akamshusha, akamzaba kibao cha mkono mzima. Caiyue akaruka na kugonga ngoma kubwa ya jukwaani. Ngoma ikasema *duu*. Watu wakacheka. Alipoweka mkono mdomoni ulirudi mwekundu, na rangi ya mdomo haikuwa ya kiasi hicho.

Jiahe aliona. Na hapa ndipo yule kijana wa utani, aliyekuwa akiwabembeleza wazee kupanda ngazi na kuwashikia mifuko, alipopotea. Aliinuka na chetezo cha shaba mkononi, kizito kama kichwa cha ng'ombe. Majivu yakaruka, yakamfanya Zhenbiao afumbe macho, na katika kufumba huko chetezo kikamwangukia begani. Fimbo ikamdondoka. Pigo la pili lilimpata gotini. Zhenbiao aliporomoka chali, Jiahe akamkalia kifuani na kuinua chetezo juu ya uso wake kwa mikono miwili.

Makofi yakafa. Simu zikaanza kushuka moja moja.

"Haya si maigizo!" ilikuwa sauti ya Shangazi Tao. "Nimeamulia ngumi kwenye basi maisha yangu yote, naijua damu ya kweli! Pisheni!" Akapanda jukwaani na mwavuli wake, na jambazi wa kwanza aliyejaribu kumzuia alikula mwavuli wa pua. "We mtoto wa nani? Unamzuia nani?" Akala wa pili.

"Omba msamaha," Jiahe alisema. "Mwombe msamaha dada yako."

Zhenbiao alimtemea mate ya damu. "Piga. Piga kama wewe mwanamume."

"Jiahe!" Caiyue alikuwa amesimama, ameshika ngoma. "Kiweke chini."

"Amekupiga."

"Amenipiga tangu nina miaka saba, leo ndiyo umeona. Kiweke chini."

"Nikikiweka atainuka, Caiyue! Unamjua!"

"Namjua. Na ukimshushia hicho, nitakujua na wewe." Sauti yake haikupanda. "Mimi sitoki kwa mpiga watu mmoja nikaingia kwa mwingine. Kiponde kichwa chake kama unataka, lakini ukimaliza panda basi lako peke yako."

Jiahe alimtazama kwa jicho moja lililobaki wazi. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka kama mivukuto. Bata wa ziwani walisikika. Kisha alishusha mikono polepole. Akakiweka chetezo sakafuni, akakisukuma mbali kwa kiganja, akainuka kutoka kifuani kwa Zhenbiao. Alimwendea Caiyue mikono mitupu, viganja wazi, mgongo wake kwa adui.

Zhenbiao aliokota fimbo.

Caiyue alifungua mdomo kupiga kelele, lakini fimbo ilikuwa na mbio kuliko kelele. Jiahe aligeuka nusu, akainua mkono wa kushoto kujikinga. Mlio uliotoka ulikuwa kama muwa unaovunjwa gotini, na kipaza sauti cha jukwaani, kilichokuwa kimeanguka sakafuni, kikaupeleka kwa watu wote elfu moja. Mwanamke mmoja alilia. Jiahe alipiga magoti, ameshika mkono uliokuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Zhenbiao aliinua fimbo tena. Haikushuka. Kuna mtu alikuwa ameishika ncha ya pili.

"Baba, niachie."

Mzee Hou hakumwachia. Aliizungusha fimbo mara moja tu, kwa ustadi uleule aliomfundisha, na mwanawe akajikuta mikono mitupu. Kisha mzee alizing'oa zile ndevu za farasi. Uso uliobaki ulikuwa mdogo, wa kizee, na wenye aibu.

"Piga magoti," alisema.

"Baba, huyu mtu amekuja kutuibia..."

"Piga magoti!"

Zhenbiao akapiga magoti, na gunia zima la mwili wake likatikisa mbao.

"Mtu aliyeweka silaha chini," Mzee Hou alisema, "aliyekupa mgongo. Nani alikufundisha kumpiga mtu wa namna hiyo? Mimi?" Zhenbiao alitazama mbao. "Nimekuuliza, mimi?"

"Hapana, Baba."

Fimbo ilimshukia mgongoni mara moja. Haikuwa ya onyesho. Zhenbiao alishika mbao kwa viganja, akabaki hapo, akihema. Mzee alibaki na fimbo mkononi na hakuonekana kujua pa kuiweka. Alikwenda akasimama kwenye ngazi za jukwaa, hizo tu zilizokuwapo, akaziba njia.

Caiyue alikuwa amepiga magoti kando ya Jiahe, amechana upindo wa vazi lake la harusi, anamfunga paji la uso. Jiahe alikuwa mweupe kama unga.

"Inauma?" alimuuliza.

"Hapana," alisema Jiahe, meno yakigongana. "Nafurahia mandhari."

"Nyamaza, mpumbavu wewe." Machozi yalikuwa yakimtiririka yakichora njia kwenye poda. "Unaweza kusimama?"

"Nipe bega."

Walisimama. Shangazi Tao aliwafuata na mwavuli uliopinda, akiwakodolea macho wale vijana watatu, ambao walikuwa wamegundua ghafla kwamba viatu vyao vinahitaji kutazamwa. Walipofika penye ngazi, Mzee Hou hakupisha.

"Baba," Caiyue alisema, "ana mkono umevunjika."

"Nimesikia ukivunjika." Mzee hakumtazama Jiahe, alimtazama binti yake, mdomo uliovimba, taji lililopinda. "Siku ya nane watu wanakuja. Nimeshawapa neno langu."

"Neno lako, Baba. Langu hukuniuliza."

"Huyu ana nyumba?"

"Hana."

"Ana jamaa Kaifeng? Ana shamba? Kuna mahali pamoja anapolala mara mbili katika mwezi mmoja?"

"Hana. Hakuna."

"Sasa ana nini?" Sauti ya mzee ilipasuka. "Niambie, mwanangu. Ana nini huyu, cha mimi kuwaambia watu?"

Caiyue hakufikiri.

"Nilimwambia aweke chini," alisema, "akaweka."

Nyuma yao Zhenbiao alikuwa bado amepiga magoti, kichwa kimeinama. Chini, watu walisimama na kofia zao na simu zao, na hakuna aliyepiga picha. Taya za mzee zilitembea, kama mtu anayetafuna kitu kigumu ambacho hawezi kukitema wala kukimeza.

Halafu akasogea. Siyo sana. Mguu mmoja tu kando, kiasi cha watu wawili kupita wakibanana.

Caiyue alishuka ngazi ya kwanza, akimshika Jiahe kwa kiwiko asije akaanguka. Jiahe akagumia.

"Siyo huo," sauti ya baba yake ilisema nyuma yake, kavu, ya hasira bado. "Huo umevunjika, huoni? Mshike mkono huu mwingine."